Mtakatifu Shakila wa Bombambili

Kaka yangu Kajetani ni fundi baiskeli hapa Bombambili, Songea, na kama humjui basi hujawahi kupata pancha. Tangu bodaboda zijae mji huu, kila mtu anamshauri ahamie kwenye pikipiki. Yeye anajibu kwamba pikipiki ina kelele, na kitu chenye kelele hakikwambii kinaumwa wapi. Hayo ndiyo maneno yake marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Siku nyingine anakwenda kibandani, anarudi, anakula, analala, na ukijumlisha alichosema hakijazi kijiko.

Mimi ni Lidwina, dada yake anayemfuata, mjane, ninaishi chumba cha uani kwake. Nasema mapema ili usije ukaniuliza mambo haya nimeyajuaje. Nimeyajua kwa sababu nilikuwepo, nimepiga magoti, na nyonga yangu ya kushoto ni shahidi.

Kwa Kajetani siku haianzi kwa chai, inaanza kwa sala. Tulilelewa hivyo kule Matogoro. Baba yetu akikohoa tu gizani, watoto wote chini, mwenye homa na asiye na homa. Kaka ameubeba utaratibu ule mzimamzima mpaka mjini. Jogoo hajawika, yeye anagonga dirisha langu, anamwamsha binti yake Judica, mkewe Odilia anawasha taa, na sote wanne tunapiga magoti sebuleni kwenye saruji yenye baridi ya kukata mifupa. Tunasali Nia Njema, tunasali Imani, Matumaini na Mapendo, kisha Litania ya Watakatifu. Yeye anataja jina, sisi tunajibu "utuombee". Baada ya litania kila mtu anatoa ombi lake kwa sauti, na mwisho kabisa Kajetani anasema Amina. Kabla ya Amina hiyo hakuna kuinuka, hata nyumba iungue.

Sasa, Kwaresima ya mwaka huu, asubuhi moja ya mvua, kaka alisinzia katikati ya litania. Nilimwona kwa macho yangu. Kichwa kinashuka, mdomo unaendelea wenyewe. Mtakatifu Anna, utuombee. Mtakatifu Monika, utuombee. Mtakatifu Shakila.

"Utuombee," tukajibu wote watatu, tena kwa nguvu, maana ilikuwa baridi.

Mimi nilikuwa napitisha watakatifu wote ninaowajua kichwani, wa Roma, wa Uganda, wa wapi, simwoni Shakila. Odilia akageuka polepole na magoti yake.

"Baba Judica," akasema, "umemtaja nani?"

Kajetani akafumbua macho, akaona alichokifanya, akafanya lile analoliweza kuliko watu wote wa mkoa huu. Akanyamaza.

Shakila tunamjua sisi tunaopita barabarani. Ni Myao wa Nalasi, kule Tunduru, Mwislamu, mke wa dereva wa lori, anapika chapati ng'ambo ya kibanda cha kaka. Ni mzuri, Mungu anisamehe, mzuri kupita kiasi kinachohitajika kuuza chapati. Odilia hakuwahi kumwona, kwa sababu njia yake ni ya shambani na ya kanisani, na nilipomwambia twende tukamchungulie alinifokea. "Mimi nikamchungulie mwanamke? Nimekuwa polisi?" Alikuwa anapasua kuni, na zile kuni nilizionea huruma.

"Lidwina," akaniambia, shoka limesimama hewani, "kinachoniuma si yeye kumtaja. Wanaume wanataja. Kinachoniuma ni mimi kumjibu. Nimemwomba mwanamke yule aniombee! Kwa sauti! Nimepiga magoti!"

Nikamfuata kaka kibandani. Nikamwambia, kaka, sema ukweli, uwe mzuri uwe mbaya, mwanamke anatapika nyongo kule nyumbani. Akawa anazungusha tairi ndani ya karai la maji, anatafuta mapovu.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Nimepewa neno la mtu." Akazungusha tairi. "Neno la mtu si langu."

Hapo nikajua tumekwisha. Kajetani akishika siri, hata umfunge kamba na kumning'iniza, utamshusha bado anayo.

Odilia naye akaapa. Hatamsemesha mumewe mpaka aeleze Shakila ni nani kwake. Na alikuwa hatanii. Chakula anaweka mezani, anaondoka. Maji ya kuoga anapeleka, hasemi yako tayari. Ukifikiri vizuri, Kajetani kunyamaziwa kusingemsumbua, maana na yeye si wa kusema. Kumbe sivyo. Siku ya pili tu nilimkuta amesimama mlangoni mwa jikoni amebeba baiskeli nzima begani, hana sababu ya kuibeba, anamwangalia mkewe mgongo.

Lakini watu wawili wakiishi nyumba moja, lazima kuna la kuambiana. Bati linavuja, chumvi imeisha, mbuzi wa jirani ameingia kwenye mahindi. Na wifi yangu ni mtu wa dini. Aliapa kutomsemesha mumewe, hakuapa kutomsemesha Mungu. Siku ya tatu, litania ilipokwisha, ikafika zamu ya maombi, akainamisha kichwa.

"Ee Bwana," akasema, "umkumbushe mtumishi wako Kajetani kwamba bati la jikoni limetoboka, na mboga zinaiva kwa maji ya mvua."

Mimi nikafumbua jicho moja. Kaka alikuwa ameganda. Kisha akakohoa.

"Ee Bwana, umjulishe mjakazi wako Odilia kwamba bati nimeliona. Ngazi ameiazima jirani."

"Ee Bwana, umguse moyo jirani huyo airudishe leo."

"Ee Bwana, utusikie," tukaitikia mimi na Judica, tungefanyaje?

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Pasaka ikapita hivyo, Pentekoste ikapita hivyo. Mambo yote ya nyumbani yakahamia kati ya litania na Amina. Mbolea ya kukuzia ilijadiliwa mbele ya Mungu. Judica akitaka ruhusa ya kwenda kwa rafiki yake, anasubiri alfajiri. Siku moja walibishana juu ya kuku aliyekuwa anakula mayai yake mwenyewe, huyu anamwambia Mungu achinjwe, yule anamwambia Mungu asamehewe, mpaka nikamwonea Mungu huruma. Na Amina ikisemwa tu, Odilia anabana midomo mpaka kesho.

Na kila asubuhi Odilia alikuwa na swali lile moja. "Ee Bwana, umfungue kinywa mtumishi wako atuambie yule mwanamke ni nani."

"Ee Bwana, wewe unajua," kaka anajibu.

"Ee Bwana, kwamba unajua wewe peke yako, hilo ndilo tatizo."

Lakini niseme na hili, maana nilikuwepo. Mtu ambaye hakuwa na maneno, alijikuta ana mlango mmoja tu wa kupitishia maneno, na akaanza kuyapitisha. Asubuhi moja ya kipupwe, ilipofika zamu yake, akasema, "Ee Bwana, nakushukuru kwa mwanamke huyu, aliyenikubali nikiwa na baiskeli moja, na yenyewe ya kuazima." Basi. Siku nyingine akashukuru kwa mikono yake Odilia. Mikono! Mimi nimekaa na marehemu mume wangu mpaka namzika, hakuna aliyeitaja mikono yangu. Asubuhi hiyo Odilia alikaa jikoni muda mrefu na moto hakuwasha.

Sasa ndipo ikaja posa ya Judica.

Kijana anaitwa Aidan, mwalimu, kwao Mbinga, mpole, nywele fupi, hana neno. Barua ilishatangulia, mshenga akapangiwa Jumamosi. Na kwenye ukoo wetu mshenga hapewi jibu na mtu mmoja. Baba anamwuliza mama mbele ya mshenga, mama anamjibu baba, wanasikilizana, ndipo mshenga anabeba jibu. Baba akijibu peke yake, mshenga anarudi na kusema nyumba ile ina ufa, na kwao kijana watasema wasitafute binti kwenye ufa. Judica alikuja chumbani kwangu akilia.

"Shangazi, mama hatamjibu baba. Nitaozwa na nani mimi? Na kuku?"

Nikamwendea Odilia. Nikambembeleza, nikamkaripia, nikambembeleza tena. Alikuwa anachambua maharage, na macho yamemvimba.

"Nampenda mwanangu," akasema. "Lakini nikimjibu yule baba mbele za watu kama hakuna kitu, nitakuwa nimesema uongo siku ya mwanangu. Aseme Shakila ni nani kwake. Neno moja tu, Lidwina, nami nitamwitikia mbele ya mji mzima."

Jumamosi yenyewe mshenga tulimtegemea saa nne. Kumbe alipata lori la kahawa lililotoka Mbinga usiku. Tumo katikati ya maombi, giza bado, mlango ukafunguka, akaingia mzee mnene na koti, mwavuli mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo!" akasema kwa furaha.

Jamani. Kila Mkatoliki anajua jibu lake, na jibu lake linaishia na Amina. Na Amina ikitamkwa, Odilia anafunga mdomo mpaka Jumapili. Tukaangaliana.

"Milele..." tukasema wote wanne, tukaishia hapo.

Yule mzee akasubiri nusu iliyobaki. Haikuja. Akatutazama tulivyopiga magoti, akaona pengine huku Songea mjini ndivyo wanavyosali siku hizi, akavua kofia, akashuka chini taratibu akishikilia meza. Anaitwa Sixbert, ni baba mdogo wa kijana.

"Ee Bwana," Odilia akasema haraka, "umwambie mtumishi wako kwamba mgeni amefika na yeye amevaa shati la kazini."

"Ee Bwana, umwambie mjakazi wako kwamba shati la Jumapili sijui aliliweka wapi."

"Ee Bwana, liko kwenye kamba, tangu juzi, usoni pake."

Mzee Sixbert aligeuza kichwa huku na huku akifuata. Alikuwa mtu wa akili, nampa heshima yake. Akakohoa, akafumba macho, akaingia.

"Ee Bwana," akasema, "sisi tumetoka Mbinga tukipita njia, tukaona katika nyumba hii mche mzuri, tukasema tusiupite."

"Ee Bwana, utusikie," nikaitikia. Ikiwa posa inaweza kufanyika humuhumu, basi Amina isisemwe mpaka imekwisha. Nikamminya kaka kiunoni. Akaelewa. Akaendeleza sala.

Kukapambazuka. Jua likaingia dirishani. Mshenga ameleta habari za ukoo wa kijana kizazi kwa kizazi, zote mbele ya Mungu. Kaka amejibu za kwetu. Uji jikoni ukaungua, harufu tukaisikia, hakuna aliyeinuka. Lakini tulipofika pale penyewe, pale ambapo baba lazima amwulize mama, Odilia akarudi palepale. "Ee Bwana, kwanza umfungue kinywa." Na kaka, "Ee Bwana, wewe unajua." Tunazunguka, tunazunguka.

Huko nje nako watu walishaanza kutushangaa. Nyumba ya Kajetani jua limetoka, mlango wazi, watu wote wamo chini wamepiga magoti, na mzee mgeni mwenye koti jeusi. Mtu anafikiri nini? Mwenyekiti wa jumuiya yetu akachungulia, akajishika mdomo, akaondoka mbio. Muda si mrefu nikasikia kuni zinabwagwa uani. Nikasikia mikeka inatandikwa, masufuria yanagongana, mwanamke anaanza kuvuta makamasi.

"Ni nani?" mmoja akauliza dirishani pale.

"Atakuwa Lidwina. Si alikuwa analalamika nyonga?"

"Maskini Lidwina. Alikuwa na mdomo, lakini roho mbaya hakuwa nayo."

Mama wee! Nimepiga magoti hatua mbili kutoka dirishani, mzima wa afya, nasikia ninavyosamehewa. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningeivunja sala, na ya Judica ingeharibika. Nikasema tu, kwa sauti, "Ee Bwana, uwajulishe walioko nje kwamba mimi niko hai na nimewasikia!" Halafu sauti moja ikasema, "Basi ni mwingine," na kuni zikaendelea kubwagwa.

Hapo ndipo alipoingia mwanamke mmoja na beseni la chapati kichwani, ushungi umemzunguka uso, tumbo limetangulia mbele. Akavua kandambili mlangoni.

"Poleni sana wapendwa," akasema. "Mzee Kajetani, pole mzee wangu. Nimesikia kwako kuna msiba, nikasema siwezi kubaki kule."

Kaka akawa kama ameona nyoka. Odilia akamtazama kaka, akamtazama mgeni.

"Ee Bwana," akasema polepole, "huyu ni nani?"

"Mimi Shakila, mama. Wa pale ng'ambo ya kibanda cha mzee."

Nakuambia, hata Mzee Sixbert, ambaye hakujua chochote, alijua kuna kitu. Macho ya Odilia yakashuka kwenye lile tumbo. Nikaona vidole vyake vinatembea juu ya kanga, na midomo inacheza bila sauti. Kwaresima, Pasaka, Pentekoste... Alikuwa anahesabu. Judica akajifunika uso.

"Ee Bwana," Odilia akasema, "kumbe mtakatifu wenyewe ndiye huyu."

"Mtakatifu?" Shakila akashangaa. "Nani mtakatifu?"

Mimi nikaona yatosha, sasa hata Mungu amechoka. Nikamweleza Shakila kila kitu, litania, usingizi, jina lake, utuombee yetu, na miezi yote ile. Alisikiliza beseni likiwa bado kichwani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka nikaogopa chapati. Halafu kicheko kikageuka, akakaa chini sakafuni mbele ya Odilia, machozi yanamtoka.

"Mama," akasema, "mimi nimekaa kwenye ndoa miaka sina mtoto. Mama mkwe alishamtafutia mume wangu mke mwingine. Nimesali, nimeombewa dua, kimya. Nikamwona mzee huyu, kila asubuhi anafika na magoti yana vumbi la saruji. Nikamwambia, mzee, na wewe huko kwenu unitajie. Nikamwomba asimwambie mtu hata mmoja, hata wewe mkewe. Mama mkwe akisikia nimepeleka shida yangu kwa Wakristo, narudishwa Nalasi siku hiyohiyo." Akajishika tumbo. "Mimi nilifikiri atanitaja kimoyomoyo. Kumbe aliniweka na wakubwa."

Kaka akainamisha uso. "Nilitaka kusema, mwombee Shakila," akanong'ona. "Usingizi ukageuza."

Odilia alikuwa anamwangalia Shakila, kisha akanyoosha mkono akamtua lile beseni. Akaliweka chini vizuri, akalifunika kitambaa chake. Mzee Sixbert akavuta pumzi, akafungua kinywa, nadhani alitaka kutusaidia kwa kusema ile Amina.

"Bado, baba," Odilia akamzuia. Akafumba macho tena. "Ee Bwana. Nimesikia. Moyo wangu umetua. Lakini kuna jambo nataka umwulize mtumishi wako kabla hatujafunga. Yale aliyokuambia wewe. Ya baiskeli ya kuazima. Ya mikono. Umwulize kama alikuwa anasali kweli, au ilikuwa basi tu, kwa kuwa mtu akipiga magoti lazima aseme kitu."

Kaka akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akajivuta hivyohivyo, gotigoti, kwenye saruji, mbele ya mshenga, mbele ya mwanawe, na madirisha yote yamejaa vichwa, mpaka akafika kwa mkewe. Hakumwita Bwana. Alimtazama yeye.

"Odilia," akasema, "Mungu anisamehe, sikuwa nasali. Nilikuwa nakuomba wewe."

Wifi yangu akamtazama muda. Mkono wake ukapanda shingoni kwa kaka, kwenye lile shati la kazini lenye grisi, ukaanza kufunga kifungo cha juu.

"Nimesikia, Baba Judica," akasema. "Sasa niulize lile la mgeni."

Kaka akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka, machozi tu.

"Basi acha," Odilia akasema, akageuka kwa mshenga. "Baba, mpelekee kijana jibu. Tumekubali."